Nge wangu Memori hajala wiki ya tano, na picha zote zinatoka zambarau

FundiLaini_Ngamiani:

Wanajamvi, salaam. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni fundi simu, kibanda changu kipo Ngamiani hapa Tanga, na kwetu ni milango mitatu kutoka hapo. Nafuga nge watatu. Najua nusu yenu mmeshatoka kwenye uzi. Mliobaki nivumilieni, maelezo ni marefu kwa sababu sitaki mtu aje aniulize "uliwatoa wapi".

Mwezi wa pili nilikuwa nabadilisha kioo cha simu usiku, umeme umekatika, nakausha gundi kwa ile taa ndogo ya UV (urujuanimno, mwanga ambao jicho halioni) ya kuchomeka kwenye pawabenki. Kibano kikaniponyoka. Nikainama na taa mkononi kukitafuta, na pale konani, nyuma ya ndoo, kuna kitu kinawaka kijani. Kijani ile ya mishale ya saa za zamani gizani. Nikajua ni kipande cha plastiki. Plastiki ikatembea.

Yule nilimmaliza kwa ndala, sikuwa na akili nyingine. Kilichoninyima usingizi ni kwamba hata baada ya kufa aliendelea kuwaka vilevile. Nikamhifadhi kwenye kifuniko cha kopo, kesho yake usiku nikammulika: anawaka. Basi bando langu la wiki nzima likaishia kwenye picha za nge. Wale wa Arizona kule Marekani, na wale wadogo wa njano wa Sahara wanaojifukia mchangani. Nikasema na mimi lazima.

Pasaka nikaenda kwa mjomba, Hedaru. Kule ni kukavu, si kama kwetu. Vumbi, miiba na mawe. Usiku nikatoka na taa yangu kuzunguka ukuta wa mawe wa zizi la mbuzi. Hatua 30, nge 11. Mjomba alikuwa ananifuata nyuma na fimbo. Akasema miaka yote anapita ukuta uleule gizani akienda chooni, na kuanzia usiku huo hajatoka tena bila tochi. Nikachukua watatu kwa kikombe na karatasi ngumu, nikaja nao kwenye basi ndani ya chombo cha aiskrimu. Konda alidhani nimebeba keki.

Ni wadogo, rangi ya asali. Mkia ukiunyoosha wanafika urefu wa betri ya kitochi, basi. Magando membamba, mkia mnene. Nimewaita Laini Moja, Laini Mbili na Memori.

Kila mmoja ana chombo chake cha lita 2, kifuniko nimekitoboa vitundu kwa chuma cha moto ninachochomelea waya. Ndani nimeweka mchanga mweupe wa Raskazone ili picha zifanane na jangwa, na kipande cha tumbawe cha kujifichia. Kila Jumapili nawapa mende.

Sasa maswali.

La kwanza: Memori hajala wiki ya tano leo. Kavimba mbavuni, mzito, anashinda chini ya tumbawe, mkia kaulaza upande. Mende anapita juu yake na yeye hana habari. Wenzake wanakula. Anaumwa? Nimlishe kwa nguvu?

La pili ni picha. Kila usiku nawamulika nusu saa, siku nyingine saa nzima, napiga hata picha 60. Zote zambarau. Nge anaonekana kama doa ndani ya juisi ya zabibu. Kwa macho yangu namwona kijani safi, simu inaona kitu kingine kabisa. Simu ni Android ya kawaida, na nina lenzi ya makro ya kubana, ile ya kupigia vitu vidogo. Nakosea wapi?

Naomba mnaojua mnijibu haraka kidogo. Mama yangu kasema akiongezeka wa nne mmoja wetu anahama, na si yeye.


Nahodha_Mstaafu:

Tanga tunasema waja leo, kuondoka majaliwa. Sikujua na nge nao wamo.

Kijana, mimi naandika kama mhanga. Nilikuwa Pangani, nikavaa kiatu bila kukikung'uta, kidole gumba. Usiku ule nilihesabu boriti zote za dari, kwenda na kurudi. Walitaka kunichanja kwa wembe na kunifunga kamba mguuni, nikakataa. Nikaosha kwa maji na sabuni, nikaweka kitambaa cha maji baridi, nikameza panado, asubuhi nikawa mtu. Lakini mtoto wa jirani, miaka 4, aliumwa mwezi uleule. Yeye mate yalimtoka, misuli ikawa inamrukaruka, wakamkimbiza hospitali usiku huohuo na walifanya jambo la maana.

Kwenye nyumba hiyo kuna watoto? Hilo ndilo swali langu mimi, ya picha sijui.


DiliZaMjini:

Mkuu achana na picha. Nasikia sumu ya nge lita moja huko nje ni mabilioni. Watatu tayari unao. Nicheki pembeni.


BiMaabara_Bagamoyo:

Marahaba mwanangu Fundi.

Nianze na huyu wa dili. Lita? Nge wa ukubwa huo akikamuliwa anatoa kitone ambacho mimi bila miwani sikioni. Piga hesabu ni nge wangapi mpaka kijiko cha chai kijae, kisha uniambie nani atawakamatia mende wote hao. Na kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje, serikali ilipiga marufuku mwaka 2016. Usimponze mtoto wa watu. Nimemaliza na wewe.

Mimi nilikuwa mtunza maabara wa shule ya sekondari miaka 27, sasa nimestaafu, nipo Bagamoyo. Nge nawafahamu kwa njia mbili: kuwatia kwenye spiriti, na kuangukiwa nao kutoka kwenye makuti. Ninayo chupa yenye nge niliyemtia spiriti mwaka 1993. Mjukuu wangu alikuja na taa ya kukagulia noti bandia, tukazima taa za ndani, nge anawaka kama kaingia chupani jana, na spiriti yenyewe nayo imeanza kung'aa. Kwa hiyo yule wako wa ndala asikusumbue usingizi. Kinachowaka kimo kwenye tabaka la juu la lile gamba lao, hakihitaji roho. Wanawaka kwa faida gani, wataalamu bado wanabishana.

Sasa mgonjwa wako. Sidhani kama anaumwa, ila nyumba uliyompa ndiyo itamuumiza.

Mchanga wa bahari una chumvi. Tena ukiwa mkavu haushikani, nge akichimba unamfukia. Wewe umeona picha ya nge kakaa juu ya mchanga mweupe, ukadhani ndiko anakoishi. Pale kawekwa na mpigapicha. Nge wa jangwani mchana wote yuko shimoni au chini ya jiwe, kwenye ubaridi na kaunyevu kidogo. Anatoka usiku. Wapo wa Marekani wanaokaa kwenye matuta ya mchanga, mtafiti aitwaye Brownell aliwachunguza miaka ya 1970 akaonyesha kwamba wanamsikia mdudu kwa miguu: mtetemo unapita kwenye mchanga, miguu minane inalinganisha ulikotokea, nge anageuka upande huohuo. Ndiyo maana ukiweka chombo chake juu ya meza ile unayogongea simu, humtendei haki. Hilo hukulisema, nimekisia.

Tafuta mchanga wa mtoni, huu wa mafundi ujenzi. Uoshe, uanike juani. Changanya na udongo wa mfinyanzi, kama theluthi hivi, uloanishe, ushindilie kina cha vidole vinne, uache ukauke mpaka ugande. Juu mlalie jiwe bapa au kipande cha kigae, na umwanzishie kishimo kwa kidole. Yeye atamalizia.

Kubwa kuliko yote ni hewa yenu. Wenzetu wa nchi za baridi wakifuga nge wa jangwani wanahangaika na joto, wananunua taa na mikeka ya umeme. Wewe joto unalo la bure mwaka mzima. Adui yako ni unyevu wa bahari. Vitundu vya chuma cha moto havitoshi. Kata dirisha zima kwenye kifuniko, ubandike wavu wa chuma wa madirisha ya mbu. Ukiona ukungu au utitiri mweupe unatambaa, udongo wote tupa. Mabaki ya mende yasilale humo hadi kesho. Maji weka kwenye kizibo cha chupa, na kijiwe ndani yake ili asizame mende wala yeye.

Halafu hao mende unawatoa wapi? Kama ni jikoni kwa watu, uliza kwanza kama hawapulizi dawa. Afadhali nyenje wa nje, au mchwa. Na kila wiki ni mara nyingi kwa nge mzima, wiki mbili zinamtosha. Hawa wanaweza kukaa miezi bila chakula, wiki tano si msiba.

Kuvimba na kugoma kula kuna sababu mbili. Ama anataka kujivua gamba (sizungumzii siasa), ama ana mimba. Nge hatagi mayai, anazaa watoto walio hai, na mimba yake ni ya miezi. Akishakomaa hajivui tena gamba, kwa hiyo kama Memori ni jike mzima mimi nitaegemea mimba. Mwongoze aingie kwenye chombo cha plastiki angavu, unyanyue, umtazame kwa chini. Nyuma ya miguu ya mwisho utaona vitana viwili, ndivyo anavyopapasia ardhi. Dume vitana vyake virefu na vina meno mengi, jike vifupi. Unao watatu, utalinganisha. Na kwa nge wa rangi ya mwanga, ngozi laini ya ubavuni ikitanuka, mara nyingine vijidoa vyeupe vinaonekana humo ndani.

Uzuri ni kwamba iwe gamba iwe mimba, dawa ni moja: muache. Usimlishe kwa nguvu. Mende toa kabisa chomboni mwake, maana nge akiwa kalainika baada ya kujivua, mende ndiye anayemla yeye. Na hiyo taa! Nge anakimbia mwanga, wewe unamkesha saa nzima kila usiku. Mwanga wa UV ukizidi hata huko kuwaka kwenyewe kunafifia. Dakika mbili tatu, zima.

Magando membamba na mkia mnene ni dalili za familia ya Buthidae. Humo ndimo walimo nge wenye sumu kali kuliko wote duniani. Sisemi wako ni wa kuua, na kwa picha zile siwezi kumtaja jina, nimeona zabibu tu. Lakini ishi naye kwa adabu hiyo. Wale weusi wakubwa wa mashambani kwetu, wenye magando kama ya kaa, ndio watu wanaowakimbia, kumbe wao wanategemea zaidi magando kuliko mwiba. Kibano chako cha simu ni kifupi mno, tafuta chenye urefu wa sentimita 25 hadi 30. Na swali la Nahodha lijibu.

Jambo la mwisho, nenda ofisi ya maliasili ukaulize habari za kibali kabla hawajakuuliza wao.


FundiLaini_Ngamiani:

Bi, shikamoo mara ya pili. Nahodha, watoto hawapo, mdogo wa nyumba ni mimi na nina miaka 26. Vyombo viko ndani ya kabati lenye kufuli, na ndiyo, kabati lilikuwa limegusana na meza ya kazi. Nimelisogeza.

Mende walikuwa wa jirani. Nimemuuliza, kapuliza dawa mwezi uliopita. Nimerudi ndani kimya.

Mchanga nimepata kwa mafundi wanaojenga mbele ya kibanda, udongo nimeomba kwa mama mmoja anayefinyanga majiko. Aliuliza wa nini, nikasema wa nge, akanipa na wa ziada ili niondoke upesi. Mtaani sasa hivi kuna habari mbili: kwamba nafuga majini, na kwamba ndiyo maana simu zilizoingia maji kwangu zinapona. Hii ya pili sijaikanusha.

Laini Mbili kachimba shimo usiku uleule wa kwanza. Miezi yote nilikuwa namwona anazunguka ukingoni mwa chombo nikidhani ni mchangamfu. Kumbe alikuwa anatafuta pa kuingia.

Nimewatazama kwa chini. Laini Mbili vitana vinafika mbali pembeni, Memori vyake vifupi. Ubavuni naona kama kuna doadoa, lakini Bi, sijui kama naona au natamani kuona.

Maliasili naenda Jumatatu. Picha bado zambarau.


PichaHarusi_Pangani:

Kaka, mimi kazi yangu harusi, ila msimu ukilala napiga wadudu nyuma ya nyumba, kwa hiyo hapa nina neno.

Simu yako haina kosa. Tatizo ni taa. Taa nyingi za gundi na za noti ni za nanomita 395 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), hizo hazitoi UV peke yake, zinamwaga na urujuani ule tunaouona. Urujuani unagonga mchanga, unarudi kwenye lenzi, picha yote inakuwa zambarau. Jicho lako linasamehe, simu haisamehi. Zipo tochi za nanomita 365, zile ni safi zaidi, na bei yake nayo ni safi. Kabla hujafika huko, nunua ile miwani ya njano wanayovaa madereva usiku. Machinga wa stendi wanayo. Weka kioo kimoja mbele ya lenzi. Zambarau inabaki nje, kijani inaingia.

Halafu umejichimbia kaburi na mchanga mweupe. Chochote cheupe kinarudisha mwanga. Karatasi nyeupe na shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga vinawaka bluu vyenyewe. Huo udongo mpya wa Bi utakusaidia, na wewe vaa nguo nyeusi, sitanii.

Ingia hali ya Pro ya kamera. ISO (wepesi wa kudaka mwanga) 200, shata (muda wa kuingiza mwanga) sekunde 1, ikiwa giza sana sekunde 2. Simu iwe kwenye stendi, na weka taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise. Fokasi usiitafute gizani: washa tochi ya kawaida iliyofunikwa tishu, lenga yale macho mawili ya juu ya mgongo, funga fokasi, zima tochi, washa UV kutoka ubavuni, piga. Nge akiamua kutulia anatulia kuliko bwana harusi, sekunde 2 kwake si kitu. Na shuka chini, usawa wake. Picha zenu zote mnapiga kutoka juu kama mnapiga sahani ya pilau.

Sasa siri. Yule uliyemmaliza kwa ndala bado unaye? Huyo ndiye mwanamitindo wako. Haumi, hachoki, hakimbii taa, na Bi kashasema anawaka miaka. Jifunzie kwake mpaka mkono ukae sawa, ndipo uwaendee walio hai kwa dakika moja.


FundiLaini_Ngamiani:

Ninaye! Alikuwa bado kwenye kifuniko cha kopo, mkia umekatika kidogo.

Miwani nimeipata Kange stendi, kaanza 10,000, tumemalizana 4,000. Picha ya kwanza na miwani nilipiga kelele mpaka mama akaja. Kijani! Mchanga mweusi, nge kijani kama redio ya mjomba inavyowaka usiku. Nimempiga marehemu picha 40 siku ya kwanza, fokasi imekaa kwenye 3. Juzi 40 tena, imekaa kwenye 17. Kosa langu kubwa nililiona kwa kurudia: nilikuwa nasogea karibu mno, lenzi ya makro inaona unene wa punje ya mtama tu, macho yakikaa sawa mkia unapotea. Nikarudi nyuma kidogo nikakata picha baadaye, ikawa afadhali. Jana nimempiga Laini Moja, picha 4, dakika mbili, nimezima. Moja nimeitupia hapo juu. Bi, vaa miwani.

Maliasili wamenisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, nikashukuru. Wamesema niandike barua.


BiMaabara_Bagamoyo:

Nimevaa. Naona mpaka vinywele vya kwenye magando. Hivyo ndivyo anavyosikia upepo wa mdudu anayepita. Picha hiyo ningekuwa bado kazini ningeibandika ukutani.


FundiLaini_Ngamiani:

Bi, upo? Naandika saa kumi na moja alfajiri.

Memori kazaa. Nilikuwa nimeamka kuswali, nikafungua kabati kuangalia maji, mgongoni kwake kuna kitu kama wali umemwagika. Nikasogeza tochi yenye tishu. Ni watoto. Weupe, laini, wamelaliana, vimikia vyao vimekunjwa kama koma. Nimehesabu 18, huenda wengine wako chini.

Nikammulika UV sekunde chache tu, naapa. Mama anawaka kama kawaida. Watoto hawawaki, hata mmoja. Mgongo wote umekuwa na mabonge meusi juu ya kijani. Wamekufa? Nimefanya kosa na ile chumvi?


BiMaabara_Bagamoyo:

Hawajafa, tulia. Mtoto wa nge akizaliwa gamba lake bado halijawa lile linalowaka. Hali chochote, hanywi, amejishikilia mgongoni kwa mama anaishi kwa akiba aliyozaliwa nayo. Atajivua gamba mara ya kwanza hapohapo mgongoni, kwa aina kama hizi ndani ya wiki moja au mbili, ndipo utaanza kuona anawaka.

Mpaka siku hiyo kabati lifunge. Usihamishe chombo, usipige picha, usimwonyeshe mtu. Mama akishtuka anawaangusha, na akizidi kushtuka anawala. Dondosha matone mawili ya maji kwenye kona ya mbali, yeye ana kiu sasa. Siku tatu nne baadaye mpe nyenje mdogo aliyekwisha kufa.

Wakishateremka wenyewe mgongoni watenganishe mara moja, la sivyo watalana. Chakula chao mchwa, au paja la nyenje lililokatwa. Na hesabu vizuri utabaki na wangapi, mwanangu. Wengine utawarudisha kwenye ukuta uleule wa Hedaru, usije ukawaachia hapo Ngamiani. Si kwao, na si haki kwa watoto wa jirani.


Nahodha_Mstaafu:

Kumbe memori ilikuwa imejaa mafaili.


FundiLaini_Ngamiani:

Mrejesho, siku ya 9.

Sikufungua kabati siku 8, isipokuwa kwa maji na yule nyenje. Jana usiku nimeona vigamba vyeupe vimebaki mgongoni kwa Memori kama maganda ya ufuta, na watoto wamebadilika, wamekuwa wembamba, wana umbo la nge kamili. Nikaweka miwani ya njano, nikawasha UV, nikahesabu mpaka kumi.

Wanawaka. Hafifu sana, si kijani ya mama yao, ni kama rangi ya maji ya dafu ukiyainua juani. Wawili wameshashuka, wamesimama kwenye kingo ya kigae mikia juu. Nimepiga picha moja, sekunde 2, fokasi imekaa. Macho ya Memori yanaonekana, na juu yake msururu wa vijimkia. Nimeitupia hapo, mtanisamehe kwa doa la kona ya kushoto, ni alama ya kidole kwenye miwani.

Mjomba kasema Hedaru niwarudishe ila nisimwambie upande gani wa ukuta. Nitabaki na wanne wadogo na wale watatu wa zamani.

Mama alikuja nyuma yangu wakati taa inawaka. Nikasubiri maneno. Akatazama, akahesabu kwa kidole, akapotea kwenye 12, akaanza upya. Akauliza hawa wote mpaka safari ya Hedaru watalala wapi. Ninacho kile kisanduku cha skrubu chenye vyumba 24, nimeshatoboa kila chumba na kutia udongo. Skrubu nimezihamishia kwenye kikombe cha chai. Kikombe ni chake, hilo bado hajaliona.